Mwasumini wa Jirani na Jani la Usambara

Katika miji ya mwambao, kuanzia Lamu hadi Kilwa pamoja na visiwa vilivyo mkabala wake, asumini inayofungwa katika kikuba haikutokana na mbegu. Aina ile ya maua manene, ambayo petali zake zimerundikana tabaka juu ya tabaka, aghalabu haifungi tunda. Kwa hiyo kila kichaka chake kilichopo uani kilianza kuwa kijiti kilichokatwa katika kichaka cha jirani, na kichaka cha jirani nacho kilianza kuwa kijiti, na silsila hiyo ikirudishwa nyuma mkono kwa mkono itafika Asia ya Kusini, ulikotoka mmea wenyewe. Mwasumini ulio uani kwa bibi mmoja Ng'ambo ya Unguja na ule uliopo Mji wa Kale wa Mombasa, ikiwa yote miwili ilitoka katika kichaka kimoja, si ndugu wala si mama na mwana. Ni mmea ule ule mmoja, uliopewa viwiliwili viwili.

Mbegu huchanganya nasaba mbili, na mche wake huenda ukafanana na mama, ukafanana na baba, au usifanane na yeyote kati yao. Kijiti hakichanganyi kitu. Rangi, harufu, msimu wa kuchanua, ukaidi na maradhi ya mmea uliokatwa, vyote huhamia katika mmea mpya kama vilivyokuwa. Basi mtunza bustani anayeotesha kipando haumbi wala hazalishi. Kazi yake ni ya ulinzi, nayo ni kukizuia kijiti kisife katika zile wiki chache ambazo hakina kinywa cha kunywea.

Maadui wa kijiti katika muda huo ni wawili, na wote wawili ni maji. Tawi likiwa mtini hurudishiwa na mizizi yale maji ambayo majani huyapoteza hewani mchana kutwa. Likisha kukatwa, majani huendelea kupoteza ilhali hapana kinachorudisha, na jua la saa sita likilikuta katika hali hiyo, uhai wake ni wa saa za kuhesabika. Anayeitambua hatari hiyo hukimbilia ndoo, akakimwagilia kijiti chake asubuhi na jioni hata udongo ukawa tope, na hapo hukiokoa na kiu akakiua kwa kukosa hewa. Kwa maana jeraha lililozikwa udongoni linavuta pumzi, na penye maji yaliyotuama hapana pumzi ya kuvutwa, bali pana ukungu na uozo. Kwa nionavyo, vipando vingi vinavyopotea mikononi mwa wanaoanza havipotei kwa kusahauliwa. Vinapotea kwa huruma.

Hila yote ya ufundi huu, basi, ni kuyatenga maji hayo mawili: juu, yalipo majani, kuwe na unyevunyevu, chini, lilipo jeraha, kuwe na hewa. Chini hutengenezwa kwa mchanga wa mto uliooshwa, si mchanga wa ufukweni wenye chumvi, ukachanganywa na vumbi la makumbi ya nazi, nalo pia lirowekwe na kusuuzwa mara kadhaa kwa maji matamu, maana makumbi yaliyowahi kuzikwa pwani ili yapigwe kamba hubaki na chumvi. Anayekaa penye mpunga aweza kutumia pumba zilizochomwa zikawa nyeusi. Samadi isitiwe kabisa. Kipando kisicho na mizizi hakina cha kulia chakula, na rutuba hiyo huwa karamu ya ukungu peke yake. Juu hutengenezwa kwa kifuniko kinachozuia mvuke usipotee: zamani ilikuwa bilauri au mfuko wa nailoni, lakini tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa kitako ndiyo imeshika daraka hilo, nayo ni bora kuliko mfuko kwa kuwa kizibo chake hufunguliwa na kufungwa kadiri ya haja. Kikao hicho kiwekwe penye kivuli chenye mwanga, chini ya mwembe au ubavuni mwa kibanda cha makuti, kwani chupa ikipigwa na jua hupika kilichomo ndani yake.

Uchaguzi wa tawi nao una adabu zake. Likatwe asubuhi na mapema, wakati mmea umejaa maji ya usiku, wala lisiwe tawi lenye maua au matumba, maana kijiti hakina akiba ya kulisha ua na kuotesha mzizi kwa wakati mmoja. Mwasumini hukubali vema tawi la makamo, lisilo changa la kulegea wala gumu la kukauka, ambalo likikunjwa hupinda kidogo kisha likakatika kwa mlio. Urefu wa sentimita 10 hadi 15, lenye mafundo matatu au manne, likatwe kwa kisu kikali chini kidogo ya fundo. Majani ya chini yaondolewe na mawili ya juu yaachwe, na kama ni mapana yapunguzwe nusu. Mwaridi huchukuliwa katika tawi lililokwisha kuchanua punde, lenye unene wa penseli. Mkomamanga, mtini, mzabibu na mhina haina madeko: kijiti kilichokomaa cha sentimita 20 au 30, kikizamishwa ardhini theluthi mbili ya urefu wake wakati mvua zinaanza, mara nyingi huchipua bila chupa wala kivuli, na ndiyo sababu mashamba ya zabibu ya Dodoma hupandwa kwa vijiti, na ua mzima wa mihina huzungushwa kwa matawi yaliyokatwa siku moja. Bogenvilia ni mkaidi kidogo. Huhitaji tawi gumu na subira ya miezi miwili au mitatu, na hata ikisha kuotesha mizizi, mizizi hiyo ni myepesi kukatika, hivyo wakati wa kuihamisha mche uinuliwe pamoja na bonge lake zima la udongo. Mimea yenye utomvu mweupe kama minyaa hufuata sheria iliyo kinyume cha nyingine zote, kwa sababu kijiti chake hakipandwi kibichi. Huachwa kivulini siku kadhaa hata jeraha likauke na kufunga, na wenye kukatakata minyaa wajihadhari utomvu wake usiwaingie machoni.

Maarifa haya ni ya kale. Ibn al-Awwam wa Ishbilia, katika Kitab al-Filaha alichokiandika karne ya 12, alieleza kwa urefu namna ya kuotesha miti kwa vijiti, kwa kulaza matawi na kwa kupachika. Lakini kwa nini mzizi utoke mahali ambapo hapakuwa na mzizi? Swali hilo lilikaa muda mrefu bila jawabu. Mwaka 1878 mtaalamu wa Kijerumani Hermann Vöchting alichapisha matokeo ya kazi yake juu ya vipande vya mti uitwao wiloo, ambavyo alivitundika penye unyevunyevu, vingine wima na vingine kichwa chini miguu juu, na akaona kuwa hata vile vilivyopinduliwa vilitoa mizizi katika ncha iliyokuwa ya chini pale mtini, na machipukizi katika ncha iliyokuwa ya juu. Kijiti, kumbe, hakisahau upande wake. Kwa ajili hiyo wakulima wengi hukata ncha moja mshazari na nyingine sawasawa, wasije wakachanganyikiwa baada ya majani kuondolewa. Na aliyekipanda kijiti kinyume asilaumu udongo.

Miaka hamsini baadaye, huko Utrecht nchini Uholanzi, Frits Went alionyesha kuwa ncha ichipuayo hutengeneza kitu kiendacho chini na kuamrisha ukuaji, nacho kikaitwa oksini. Na mwaka 1935 watafiti wa taasisi ya Boyce Thompson, katika jimbo la New York, wakatoa habari kwamba asidi ya indoli-butiriki, iliyo jamaa ya oksini, huhimiza vijiti kutoa mizizi. Poda zinazouzwa leo katika maduka ya pembejeo kwa kazi hii nyingi zimejengwa juu ya asidi hiyo. Habari hii inatufafanulia ada nyingi ambazo wazee walizifuata bila kuulizana sababu. Majani mawili ya juu huachwa kwa kuwa, pamoja na machipukizi, hupeleka chini chakula na amri ya kuotesha mizizi. Hukatwa chini ya fundo kwa kuwa katika mimea mingi mizizi hutokea kwa wepesi zaidi karibu na hapo. Nao wenye poda wasidhani kwamba kuzidisha ni kuongeza heri, kwani ikipita kiasi huunguza kile ilichotumwa kukiamsha. Kuhusu asali, mdalasini na shubiri ambazo watu husifiana kwazo, niseme tu kwamba asali na mdalasini zaweza kupunguza ukungu, na hilo si dogo, ila hazina amri ya oksini ndani yake. Na mwasumini uliopandwa vizuri katika mchanga huota bila kupakwa chochote.

Iko miti ambayo haitii. Mnazi hauna tawi la kukatwa wala ule utandu mwembamba wenye uhai ulio baina ya gome na mti, ambao katika miti mingine ndimo jeraha huponea na mzizi huanzia. Una kilele kimoja tu, na anayekikata ameua mnazi wote. Mkarafuu hupandwa kwa mbegu. Mwembe, ambao kijiti chake huoza kabla ya kukata shauri, hubebeshwa juu ya mche wa mwembe mwingine ili utamu wa dodo au boribo usipotee. Na hata miti yenye kutii hugeuka wakaidi ikizeeka, kwa maana tawi la mti mkongwe hutoa mizizi kwa shida kuliko la mti mchanga. Dawa yake ni kuupogoa mti kwanza, kisha kuchukua vijiti katika machipukizi mapya yatakayotoka.

Kwa mdimu au mpera usiokubali kijiti, iko njia ya kuligeuza tawi kuwa mche kabla halijakatwa. Gome huvuliwa mzunguko wa sentimita mbili au tatu hata mti mweupe uonekane, ule utandu wa kuteleza ukakwanguliwa wote, kisha mahali hapo pakafungwa makumbi yaliyoloa na kuvingirishwa plastiki iliyokazwa juu na chini. Maji huendelea kupanda kutoka kwenye mizizi kwa kupitia katika mti, lakini chakula kishukacho kwa njia ya gome hukwama ukingoni mwa jeraha, nacho pamoja na oksini vikirundikana hapo, mizizi hutoka ndani ya makumbi. Baada ya mwezi mmoja au miwili ikionekana kupitia plastiki, tawi hukatwa chini yake likapandwa. Hapa kile kipindi cha hatari hakipo kabisa, kwa kuwa tawi halikukosa maji hata siku moja. Na mimi huistaajabia njia hii kuliko zote, ingawa ni ya uvivu kwa mtu atakaye miche mia.

Nilisema kuwa maradhi nayo huhamia katika kipando, na hapana mmea uliotufundisha hilo kwa gharama kubwa kama muhogo, ambao Afrika yote huupanda kwa pingili. Mwaka 1894 Mjerumani Otto Warburg aliandika habari za ugonjwa wa majani ya muhogo ulioonekana Usambara, nao ndio tunaouita batobato. Na mwaka 1936 H. H. Storey, aliyekuwa mtafiti katika kituo cha Amani katika milima hiyo hiyo, akaeleza mwingine, ule wa michirizi ya kahawia, ambao ni mnafiki zaidi kwani shina laweza kuonekana zima ilhali muhogo ulio chini umeoza. Yote mawili huletwa na virusi, huenezwa na inzi weupe, na husafirishwa na mkulima mwenyewe afungapo mzigo wa pingili akamzawadia shemeji yake wa kijiji cha pili. Pingili ya shina gonjwa haina namna ya kupona kwa kupandwa penye rutuba. Ndipo Storey na mwenzake Nichols, katika miaka ya 1930, walipolazimika kurudi kwenye mbegu: waliuchanganya muhogo na mti wa mpira ulio wa ukoo wake, wakachagua katika watoto wale waliostahimili batobato, kisha wateule hao wakaongezwa tena kwa pingili. Ushupavu mpya ulipatikana kwa mbegu, na kuenezwa kwake kukawa kwa kijiti. Kwa mtu wa bustani somo ni kwamba mmea wa kukatwa uchunguzwe majani yake, juu na chini, kabla ya kisu kutolewa, na kisu chenyewe kifutwe kwa spiriti baina ya mmea na mmea.

Milima ya Usambara ina kisa kingine cha vipando, nacho ni cha ajabu zaidi kwa kuwa humo hakuna hata kijiti. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani katika sehemu za Tanga, aliona penye majabali yenye kivuli ua dogo la rangi ya zambarau, lenye majani ya manyoya yaliyojipanga duara karibu na ardhi. Akalipeleka kwa baba yake Ujerumani, na kwa mkono wa baba likafika kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen huko Hannover, ambaye mwaka 1893 alilipa jina la Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo. Wataalamu wa leo wameliingiza katika jamaa kubwa zaidi ya Streptocarpus, lakini jina la kwanza bado ndilo linalotajwa vinywani. Mnamo mwaka 1926 bustani ya biashara ya Armacost na Royston ya Los Angeles iliagiza mbegu kutoka Ulaya, ikateua katika miche yake aina kumi, na kutoka hapo ua la Usambara likaingia katika madirisha ya Marekani, likapata chama chake mwaka 1946, na kuwa miongoni mwa maua ya chungu yapendwayo mno katika nchi za baridi.

Lililoliwezesha kuenea hivyo ni jani lake. Mtu huchukua jani la duara ya kati, lisilo kongwe la pembeni wala changa la moyoni, akaacha kikonyo cha sentimita tatu au nne kilichokatwa mshazari, akakisimika katika mchanga na makumbi kwa kina kidogo tu kinachotosha jani lisianguke, akafunika chupa, akaweka penye mwanga usio jua. Baada ya wiki tatu au nne kikonyo huwa na mizizi, na baada ya miezi miwili au mitatu hutokeza chini yake miche midogo, mara nyingi zaidi ya mmoja, ambayo hutenganishwa ikisha kuwa na majani machache ya kushikika. Jani mama likiwa bado zima laweza kukatwa upya na kusimikwa tena. Rafiki akimpa rafiki jani moja ndani ya bahasha, amempa mmea mzima.

Si kila jani lenye uwezo huo. Jani la ule mpira wa mapambo unaowekwa barazani, likikatwa pamoja na kikonyo chake pasipo jicho la shina, laweza kutoa mizizi, likakaa bichi miezi mingi na lisichipue kamwe, kwa sababu mzizi limeweza kuutengeneza lakini jicho halikuliweza. Saintpaulia, begonia na ile mikonge ya mapambo yenye majani ya upanga ndizo hutengeneza vyote viwili.

Hata hivyo sheria tuliyoanza nayo, kwamba kipando ni mmea ule ule, ina mlango mmoja wa kutokea. Baadhi ya Saintpaulia za wafugaji wa maua zina petali zenye mstari wa rangi ya pili katikati, kama tiara ya karatasi ya watoto, na mikonge ya mapambo iliyo mashuhuri sana ina ukingo wa manjano kandokando ya jani. Mimea ya namna hii ni ya tishu za asili mbili zilizokaa tabaka mbalimbali katika mwili mmoja. Jani likisimikwa, mche mpya huanzia katika tabaka moja, na nyingine haishiriki. Hivyo mkonge wenye ukingo wa manjano huzaa mikonge ya kijani kitupu, na Saintpaulia yenye mistari huzaa maua ya rangi moja. Wasiojua huwashutumu waliowapa jani kuwa wamewadanganya. Mkonge huo hugawanywa kwa machipukizi ya ubavuni, yatokayo na tabaka zote. Saintpaulia nayo hukatwa si jani bali kikonyo cha maua, ambacho kina vijani viwili vidogo sana, na kwapani mwa kila kimoja limelala jicho; maua yakisha kuondolewa, kikonyo husimikwa katika mchanganyiko ule ule hata vijani hivyo vikae juu kidogo ya udongo, kikafunikwa, na macho hayo yakiamka baada ya wiki kadhaa hutoa miche iliyobeba tabaka zote, pamoja na mstari wake.